Kabla Hujakubali Kukatwa Kidevu

Kwenye mdomo wangu wa chini, upande wa kulia, kuna mahali padogo kama punje ya hindi pasipohisi kitu. Ukipagusa kwa pamba, sijui. Ukipabonyeza kwa kidole, najua tu kwamba nasukumwa, ila kama kidole ni cha moto au cha baridi siwezi kukuambia. Ni miezi 14 sasa tangu nifanyiwe upasuaji wa kidevu, na daktari wangu amenieleza kwamba kwa muda uliopita, hisia iliyokuwa ya kurudi kwa sehemu kubwa imeshakwisha kurudi. Punje hii huenda nikazeeka nayo.

Naanza na punje kwa sababu mimi hakuna aliyenianzia nayo. Nilipokuwa natafuta habari nilikuta picha za kabla na baada: upande huu msichana amenuna, upande ule amepakwa poda na anacheka. Katikati ya picha hizo mbili kuna miezi, kuna uji, kuna kulala umekaa, na kuna uamuzi ambao ukiukosea mwanzoni si rahisi kuurekebisha. Wadogo zangu wawili watatu wameniuliza kwa kunong'ona, wengine wameshaweka hadi akiba. Basi nawaandikia wote kwa pamoja.

Kidevu changu nilikirithi kwa baba. Ukinitazama usoni huoni neno. Ukinitazama kwa ubavu, ndipo ulipokuwa unaona mdomo wa chini unateremka moja kwa moja hadi shingoni, kama nyumba iliyojengwa bila baraza. Shuleni waliniita Samaki. Nilijifunza kuongea mkono ukiwa kidevuni, kama mtu aliyezama kwenye mawazo, na hata nilipoanza kufundisha, wanafunzi wangu wa kidato cha pili walinizoea hivyo hivyo. Picha za ubavu sikupiga. Nimesema haya mapema ili ujue kwamba siandiki kumzuia mtu. Nilitaka, nikafanya, na ningerudi nyuma ningefanya tena. Ila nusura nifanye kitu kingine kabisa.

Mtu wa kwanza niliyemwendea alinipiga picha mbili kwa simu, akachora mstari kwenye kioo cha simu hiyo hiyo, akanionyesha kidevu kipya. Dakika kumi hazikufika. Akasema ataniwekea kipandikizi cha silikoni, na nikilipa kabla ya Ijumaa kuna punguzo. Nilitoka pale nimefurahi. Nimefika kituo cha daladala ndipo likanijia jambo moja lililonikosesha usingizi usiku ule: mtu yule hakuniambia hata nifumbue mdomo.

Hapo ndipo penye kiini cha yote ninayotaka kusema. Kidevu si kitu kinachoning'inia peke yake. Ni ncha ya mfupa wa taya la chini, na kikionekana kifupi, sababu inaweza kuwa mojawapo kati ya kadhaa zisizofanana hata kidogo. Inawezekana taya liko mahali pake, meno yanakutana vizuri, ila ncha ndiyo ndogo. Inawezekana taya zima limerudi nyuma, na meno ya juu yameyatangulia ya chini kwa mbali. Inawezekana kidevu hakina shida yoyote, ila meno na midomo vimetokeza mbele, navyo vikikifanya kionekane kimejificha. Dawa ya kila moja ni tofauti. Mwenye taya lililorudi nyuma akiongezewa kidevu peke yake, atapata umbo mbele huku tatizo la kutafuna likibaki palepale nyuma. Huyo mara nyingi anahitaji kufungwa waya za meno kwanza, miezi mingi, kisha upasuaji wa kulisogeza taya lenyewe. Hayo huwezi kuyajua kwa picha ya simu.

Na picha ya simu ina uongo wake mwingine. Mwaka 2018 daktari mmoja wa upasuaji wa uso kule Marekani, Boris Paskhover, pamoja na wenzake, walichapisha hesabu yao kuhusu picha za kujipiga wenyewe. Kwa umbali wa sentimita 30 hivi, ule wa mkono uliokunjwa kidogo, pua huonekana imepanuka kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na picha ya mbali. Kilicho karibu na kamera hukua, kilicho nyuma yake hunywea. Sasa hesabu mwenyewe: pua iko mbele, kidevu kiko nyuma. Nimeshaona mabinti wenye videvu vizuri kabisa wakilia kwa sababu ya lenzi.

Wa pili niliyemwendea ni daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya. Jina ni refu, ila lishike, kwa sababu ndiye mtu unayemtafuta, yeye au bingwa wa upasuaji rekebishi aliyezoea mifupa ya uso. Nilikaa kwenye benchi saa tatu kumsubiri. Jirani yangu alikuwa mama aliyempakata mwanawe wa kike, wa miaka kama saba. Mtoto alikuwa na kidevu kidogo sana, kidogo kuliko changu, na mama alikuwa anamnywesha uji kwa bomba la sirinji, akilipenyeza pembeni penye pengo la jino. Mdomo haukufunguka. Mama aliniambia mtoto alianguka akiwa na miaka mitatu, akapiga kidevu kwenye ngazi, kidonda kikapona, na baada ya hapo mdomo ukawa unabana mwaka hadi mwaka. Baadaye nilielewa: kiungo cha taya, kile kilicho mbele ya sikio, kinaweza kuganda baada ya mtoto kuangukia kidevu au baada ya maambukizi ya sikio, na upande uliogandamana haukui. Kwa mtoto yule kidevu kilikuwa ni dalili tu. Kama una mtoto aliyepiga kidevu na mdomo wake haufunguki kama wa wenzake, usingoje akue. Mpeleke.

Nilipoingia, daktari alivaa glavu na kunifumbua mdomo kabla hata sijamaliza kusema kilichonileta. Akaniambia ning'ate meno, nifungue, nisogeze taya kushoto na kulia. Akauliza kama nakoroma, kama naamka nimechoka, kama nimewahi kushtuka usiku pumzi ikiwa imekatika. Nikashangaa. Akanieleza kwamba ulimi una msuli uliofungwa nyuma ya mfupa wa kidevu, kwa hiyo mwenye taya dogo ulimi unaweza kumwangukia nyuma anapolala na kumbana njia ya hewa. Wapo watu wanaokuja kutafuta uzuri wakakutwa na ugonjwa wa kukosa pumzi usingizini.

Akanituma eksirei mbili: moja ya ubavu wa kichwa kizima, moja inayozunguka na kuonyesha taya lote na mizizi ya meno. Ile ya ubavu akaiweka kwenye taa na kuchora mstari kutoka ncha ya pua hadi ncha ya kidevu. Mstari huo una mwenyewe, Robert Ricketts, daktari wa kupanga meno wa Marekani wa karne iliyopita, na kanuni yake ni kwamba uso mzuri ni ule ambao midomo imekaa nyuma ya mstari. Midomo yangu ilikuwa mbele yake. Moyo ukanidunda. Nikamwambia basi nisogeze kidevu milimita kumi ili midomo iingie.

Akaweka kalamu chini. Akaniambia: "Dada, mstari huu ulipimwa kwa nyuso za wazungu. Watu wetu wengi midomo yao inaupita, na si ugonjwa. Ukitaka midomo iingie ndani ya mstari, itabidi nikutengenezee kidevu cha mtu mwingine." Tukakubaliana milimita sita. Naomba msomaji uyashike maneno yale kuliko jambo lolote nililoandika hapa, kwa sababu programu nyingi za simu zinazokupimia uso, na vipeperushi vingi, vimebeba mstari uleule bila kukwambia umetoka wapi.

Meno yangu yalikuwa yanakutana vizuri, taya liko sawa, ncha ndiyo ilikuwa fupi. Kwa mtu kama mimi njia ni tatu.

Ya kwanza ni sindano ya kujaza, mara nyingi ya asidi ya hyaluroniki. Haikati kitu, matokeo unayaona palepale, na baada ya mwaka hivi huyeyuka yenyewe. Inafaa kwa anayehitaji kidogo, au anayetaka kuonja kwanza. Lakini sindano hiyo ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuua ngozi, na mara chache sana imewahi kumpofusha mtu. Anayekuchoma lazima awe mtaalamu mwenye dawa ya kuiyeyusha hapo hapo chumbani. Saluni hawana. Usichomwe saluni, hata kama anayechoma ni rafiki yako.

Ya pili ni kipandikizi, kipande cha silikoni au plastiki yenye vinyweleo kinachowekwa juu ya mfupa kupitia ndani ya mdomo au kwa mkato mdogo chini ya kidevu. Si njia mbaya. Upasuaji wake ni mfupi, wengine hufanyiwa kwa ganzi na dawa ya kutuliza tu, na kikileta shida huweza kutolewa. Shida zenyewe ni kuingiwa na wadudu wa maambukizi, kuhama upande, na mfupa ulio chini yake kulika taratibu miaka ikienda. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi liko jambo la ziada: mkato wa nje unaweza kuota keloidi, yaani kovu linalotuna na kukua kupita kidonda chenyewe. Kama una keloidi ya sikio ulipotoboa, au kifuani, au ndugu zako wa damu wanazo, mwambie daktari kabla hajaamua atapitia wapi. Mkato wa ndani ya mdomo hauna tabia hiyo.

Ya tatu ndiyo yangu: kukata mfupa wa kidevu wenyewe, kuusogeza mbele na kuufunga. Otto Hofer aliieleza mwaka 1942 akipitia kwenye ngozi, na mwaka 1957 Trauner na Obwegeser wakaeleza jinsi ya kupitia ndani ya mdomo, ndiyo maana leo sina kovu la nje. Uzuri wa njia hii ni kwamba mfupa ni wako, na unaweza kwenda mbele, nyuma, juu, chini au kunyooshwa kama umekaa upande. Kwa hiyo hata mwenye kidevu kirefu, au kilichopinda, ana njia. Na kwa kuwa misuli ya chini ya kidevu imeshikwa kwenye kile kipande, kinapokwenda mbele huivuta nayo, na ngozi ya chini ya taya hukaza kidogo. Ubaya wake ni mmoja: ni kuvunjwa mfupa kwa makusudi, na mwili hautofautishi mvunjiko wa makusudi na wa ajali.

Siku yenyewe inapita haraka kuliko unavyoiogopa. Walikuwa wamenipima damu, presha na ujauzito, wakaniuliza kuhusu aspirini na dawa za mitishamba kwa sababu baadhi yake huzidisha kutoka damu, na anayevuta sigara wakamwambia aache wiki kadhaa kabla na baada, maana moshi huchelewesha mfupa kuunga. Sikula tangu usiku. Daktari wa usingizi alinieleza kwamba mrija wa hewa utapitia puani ili mdomo ubaki wazi kwa kazi. Nikahesabu hadi nne.

Yaliyotokea nikiwa nimelala nilimwomba daktari anisimulie baadaye. Alikata ndani ya mdomo wa chini, mbele kidogo ya fizi, akiacha ukingo wa msuli kwenye mfupa ili apate pa kushonea. Hilo la msuli si dogo: usiporudishwa mahali pake, kidevu hulegea na mdomo wa chini hushuka, ukaonyesha meno ya chini hata mtu akiwa ametulia. Akatafuta mishipa miwili ya fahamu, inayotoka kwenye vitundu viwili vya mfupa, kulia na kushoto, karibu chini ya meno yanayotangulia magego. Hiyo ndiyo inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Ndani ya mfupa mshipa huo hushuka kidogo kabla ya kutoka, kwa hiyo msumeno lazima upite milimita kadhaa chini ya kitundu. Akachonga alama katikati ya mfupa ili usije ukahama upande. Akakata, akasogeza, akafunga kwa bamba dogo la titani na skrubu nne, akashona msuli, akashona mdomo. Saa moja na nusu.

Niliamka na plasta pana imebana kidevu na koo likiniwasha kwa ule mrija. Maumivu hayakuwa makali kama nilivyotegemea. Uvimbe ndio ulionishtua. Siku ya pili na ya tatu ulipanda hadi nikawa na uso wa mviringo, na wekundu wa damu ukateremka shingoni ukageuka zambarau, kisha njano. Nililala nimeegemea mito mitatu. Kila baada ya kula nilisukutua kwa dawa ya klorheksidini na maji ya chumvi, polepole, bila kuvuta mdomo kuangalia nyuzi. Kila mtu anataka kuvuta mdomo aangalie nyuzi. Usivute.

Shangazi alikuja kutoka Moshi na ndizi zake za mtori. Alipofungua mlango na kuniona, aliuliza neno moja tu: "Nani?" Alidhani nimepigwa. Nilipomweleza alikaa kimya, akaenda jikoni, akapika. Wapangaji wenzangu hawakuuliza, nao walidhani hivyo hivyo, na niligundua kwamba wiki nzima walikuwa wakimnunia mchumba wangu. Kama unaishi na mwanamume, au unaye anayekuja kukuona, waambie watu wawili watatu mapema unachoenda kufanya. Kuficha kwangu kulimletea mwenzangu aibu asiyostahili, na sikuweza hata kufumbua mdomo vizuri nikamtetea.

Chakula kilikuwa mtori uliopondwa mpaka ukalainika kabisa, uji wa mchele, maziwa mgando, parachichi, supu ya samaki iliyochujwa miba. Wiki ya tatu nilianza ugali mlaini na mlenda. Nyama ya kutafuna na mahindi ya kuchoma nilingoja hadi daktari aliporidhika na mfupa, kama miezi miwili. Kazini nilirudi baada ya siku 16.

Sasa ganzi.

Nilipoamka mdomo wote wa chini na kidevu havikuwepo. Siwezi kulieleza kwa neno lingine. Nilijua vipo kwa sababu naviona kwenye kioo. Daktari alikuwa ameniambia nitapata ganzi, nikaitikia kichwa, nikidhani ni ile ya kung'oa jino, inayoisha jioni. Siku ya tisa nilijiwekea chai, nikainua kikombe, nikanywa, na nilichohisi ni meno ya juu kugonga ukingo. Nikaendelea kunywa. Nilipotazama chini kanga ilikuwa imelowa kifuani kote, na kwenye mdomo kulikuwa na lengelenge. Chai ilikuwa ya moto, imeniunguza, na sikuwa na habari. Siku nyingine niliinua leso nikakuta damu. Nilikuwa nimejing'ata wakati nakula ndizi. Tangu hapo kwa miezi miwili nilikula mbele ya kioo kidogo cha mkononi, na chai niliipima kwanza kwa kidole.

Mwalimu anafanya kazi kwa midomo. Herufi p, b na m zinataka midomo ikutane, na mimi sikujua lini imekutana. Jioni nilifunga mlango nikasoma kwa sauti: baba, pembe, bumbuazi, mbembe, papai. Nilirudi darasani nikiongea taratibu, na wanafunzi walikuwa wema kwangu kuliko nilivyotarajia.

Hisia hairudi kama taa inavyowashwa. Mwanzo huja kama sisimizi wanaotembea, kisha kama shoti ndogo ya umeme inayopita ghafla ukiwa umekaa zako, kisha mwasho ambao ukijikuna haukuniki. Kila mwezi daktari alinifumbisha macho, akanigusa kwa nyuzi ya pamba na kwa ncha butu, nikawa nasema "sasa", naye akachora ramani kwenye faili. Mwezi wa kwanza kushoto kulikuwa kumerudi nusu. Mwezi wa tatu kushoto kote, kulia hadi katikati. Mwezi wa sita ikabaki ile punje. Wengi hurudiwa na hisia yote, wachache hubaki na mahali palipokufa, na hakuna awezaye kukuambia kabla ya upasuaji wewe utakuwa upande gani. Jiulize leo, ukiwa mzima: nikibaki na ganzi ya kudumu mdomoni, bado nakitaka kidevu hiki? Jiulize ukiwa unambusu mtu unayempenda. Nilijiuliza kwa kuchelewa, na jibu langu likawa ndiyo, lakini nilipaswa kujiuliza kabla.

Kingine nisichokitarajia ni huzuni ya wiki ya kwanza. Siku ya nne nililia kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Uso uliovimba si wako wa zamani na bado si huo mpya, na akili inakuambia umejiharibu. Ukweli ni kwamba uvimbe mkubwa hushuka ndani ya wiki mbili tatu, na uliobaki huendelea kupungua kwa miezi. Usikihukumu kidevu chako kabla ya mwezi wa tatu. Lakini pia, kama kabla ya upasuaji unajitazama kwenye kioo saa na saa, kama hutoki nje kwa sababu ya kidevu, kama wote wanaokupenda wanakuambia hawakioni unachokiona, ongea kwanza na daktari wa afya ya akili. Kuna ugonjwa wa kuiona kasoro isiyokuwepo, na kisu hakiuponyi. Mgonjwa akishamaliza kidevu huhamia pua. Daktari mzuri atakuuliza kuhusu hili, na wa kwangu aliniuliza, nami nikachukia, leo namshukuru.

Kuhusu gharama: bei hutofautiana mno kati ya hospitali na hospitali, kwa hiyo nitakutajia mafungu. Kuna ada ya mpasuaji, ada ya daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, bamba na skrubu, kitanda, eksirei, dawa, na mahudhurio ya baadaye. Omba yote yaandikwe kwenye karatasi moja. Mimi niliambiwa bei ya "upasuaji", nikagundua baadaye bamba na skrubu havimo. Fedha zilitoka kwenye mchezo wetu wa walimu na akiba ya miaka miwili. Bima yangu haikulipa kitu, kwa sababu bima kwa kawaida hazilipii urembo. Zinaweza kufikiria pale penye tatizo la kutafuna, kupumua au ajali, na ndiyo sababu nyingine ya kuchunguzwa taya lote.

Kumtafuta daktari si kazi ya kubahatisha. Mabingwa wa kinywa, uso na taya wanasomeshwa hapa hapa kwetu, Muhimbili, na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa wenzetu wa Kenya. Jina la daktari liulizie Baraza la Madaktari Tanganyika, au baraza la madaktari na madaktari wa meno kwa walio Kenya, na hakikisha usajili wake ni wa ubingwa anaoutaja. Muulize anafanya kidevu mara ngapi kwa mwaka. Muulize ni wangapi walibaki na ganzi. Wa kwanza yule sikumuuliza. Wa pili alinijibu kabla sijamaliza swali. Wapo wanaokwenda Istanbul au India, na wengi hurudi salama, ila ganzi na nyuzi hurudi nazo nyumbani. Ukienda, uwe umeshapata daktari wa huku aliyekubali kukupokea, na urudi na eksirei zako na jina la bamba ulilowekewa.

Baba sikumwambia. Nilimwogopa kuliko chumba cha upasuaji, kwa sababu niliona ni kama nimekikataa kitu alichonipa. Baada ya miezi minne nilikwenda Moshi. Alikuwa amekaa nje anachambua maharage. Akanitazama usoni, kisha akaniambia nigeuke, nikageuka, akanitazama kwa ubavu muda mrefu. Baba yangu ana ndevu. Tangu nipate akili sijawahi kumwona bila ndevu, ndevu nzito zilizochongwa zikaenda mbele, zimeanza mvi sasa. Akazishika.

"Nimezifuga tangu nina miaka 20," akasema. "Unafikiri kwa nini?"

Nikaingia ndani kuleta bahasha ya eksirei. Akaiinua kwenye jua kwa mikono yote miwili, na maharage yakamwangukia miguuni. Bamba lilionekana jeupe kabisa, na skrubu nne, mbili juu mbili chini. Akaweka kidole juu ya kila skrubu, akihesabu. Halafu akauliza kama inauma, nikamwambia haiumi, nikampeleka kidole chake mdomoni kwangu, upande wa kulia, mahali penye ile punje.

"Hapa?"

Nikamwambia, kama ni hapo, baba, mimi sijui; wewe ndiye unayeona.